Mwanangu, kuhusu uhandisi, sare za wanamaji na nyumba yako

Mwanangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo.

Umeuliza kama mhandisi mwenye mke na watoto huko Virginia anaweza kutumikia Akiba ya Jeshi la Wanamaji la Marekani hadi uzeeni bila kuiharibu nyumba. Anaweza. Akiba hiyo ipo tangu 1915, na wahandisi wamezeeka ndani yake. Kinachowaangusha wengi ni karatasi na kalenda kuliko bahari, kwa hiyo humo ndimo nitakaa.

Uraia umeshapata, basi njia ya uafisa iko wazi. Mwenye green card, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, huingia kama askari wa kawaida tu. Mhandisi wa ujenzi huangalia zaidi kikosi cha wahandisi kinachoongoza Seabees, yaani vikosi vya ujenzi vya wanamaji, na mhandisi wa mitambo kile cha meli na matengenezo yake.

Sasa pointi, zinazohesabiwa kwa ajili ya pensheni. Mwaka wako wa pointi hauanzi Januari, unaanza tarehe uliyoingia jeshini. Andika tarehe hiyo mahali mkeo ataiona. Kila mwezi kuna wikiendi moja ya mafunzo yenye vipindi vinne, kila kipindi pointi moja, kwa hiyo mwaka mzima ni 48. Uanachama wenyewe ni pointi 15. Mafunzo ya mwaka ya wiki mbili hutoa moja kwa siku, tuseme 14. Jumla 77. Mwaka huhesabiwa kwenye pensheni ukifikisha 50, na unahitaji miaka 20 ya namna hiyo. Ukikosa mafunzo ya mwaka na wikiendi nne, unabaki na 47, na mwaka huo haumo kwenye ile 20. Ndiyo sababu taarifa ya pointi inakaguliwa kila mwaka, wakati karani aliyekosea bado yupo na hati za kumsahihisha bado unazo. Ukisubiri mwaka wa kumi na tisa, utatafuta ushahidi wa wikiendi ambazo hakuna anayezikumbuka.

Usiitegemee pensheni hiyo kupita kiasi. Pointi 77 kwa miaka 20 ni 1,540; ukigawa kwa 360 ni kama miaka 4.3. Kwa mfumo wa waliojiunga kuanzia 2018, kila mwaka ni asilimia 2, kwa hiyo utapata asilimia 8 na nusu hivi ya mshahara wa msingi, tena kwa kawaida ukishafikisha miaka 60. Mwito wa kazi kamili unaotambuliwa na sheria hupunguza umri huo kwa miezi mitatu kwa kila siku 90, lakini haushuki chini ya 50. Kwa hiyo jaza ule mfuko wa uwekezaji wa uzeeni (TSP) ambao serikali nayo inauchangia.

Kazini kwako kuna sheria ya 1994 inayokulinda. Mpe mwajiri taarifa mapema, na kwa maandishi hata kama ya mdomo inatosha kisheria. Hawezi kukulazimisha kutumia likizo yako. Ukirudi baada ya siku zisizozidi 30, unaripoti zamu inayofuata, ukishasafiri na kupumzika kwa muda wa saa nane. Siku 31 hadi 180, una siku 14 za kuomba kurudi; zaidi ya hapo, siku 90. Wengi hukosea hapa, wanapumzika kwanza na muda unawapita.

Leseni yako ya uhandisi nayo ina tarehe yake. Majimbo mengi huwaongezea muda walioitwa jeshini, ila lazima uombe. Na nakusihi hili kwa moyo wangu wote: ukirudi baada ya miezi kumi ukakuta michoro inangoja muhuri wako, usiigonge kama hukuisimamia. Usalama wa watu watakaopita juu ya kazi hiyo unatangulia ratiba ya ofisi.

Kuhusu Misa, wikiendi ya mafunzo isiwe kisingizio. Misa ya Jumamosi jioni inatimiza wajibu wa Dominika. Tafuta parokia iliyo karibu na kituo kabla ya kuondoka nyumbani. Na mtoto akibatizwa na padre wa jeshi kambini, rejista huishia Jimbo Kuu la Huduma za Kijeshi, Washington, wala si parokiani kwenu. Chukua cheti siku hiyohiyo, maana paroko atakidai wakati wa kipaimara na tena wakati wa ndoa.

Ukitimiza miaka 20 utaletewa barua, na ndani ya siku 90 unachagua kinga ya mjane. Kaa na mkwe wangu mezani mkaisome pamoja. Ukiahirisha uamuzi hadi miaka 60, nawe ukafariki ukiwa na 57, pensheni hiyo haitamfikia. Kuahirisha kunahitaji saini yake, na nisingependa aisaini.

Hati za kila mwito, barua ya miaka 20, vyeti vya ubatizo na ndoa, viwe kwenye bahasha moja. Kati ya hizo, hati za utumishi ndizo mkeo atakazoombwa kwa ajili ya mazishi ya kijeshi. Huko Marekani, bendera huondolewa kwenye jeneza mlangoni mwa kanisa, likafunikwa kitambaa cheupe cha ubatizo kwa ajili ya Misa, na bendera hurudishwa wakati wa kutoka. Mkeo alijue hilo, asije akabishana na askari siku hiyo.

Nakala za bahasha mpe na dada yako. Wasalimie wajukuu.

Baba yako