Ziara ya Jumamosi: kanisa la kijijini lililogeuzwa nyumba

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu wa Montréal.

Mwenye nyumba ametukubalia. Tunakwenda Jumamosi hii, kwa hiyo naomba msome hadi mwisho.

1. Tukutane saa 2:00 asubuhi kituo cha metro Berri-UQAM. Basi dogo litaondoka saa 2:20, halitasubiri.
2. Mchango ni dola 20 kwa mtu mzima, watoto bure. Mpeni mhazini kabla ya Alhamisi jioni.
3. Mama Neema na dada zetu wa kwaya, chai na maandazi tunawategemea ninyi.

Tafadhali tuingie kwa heshima. Kanuni ya 1222 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu askofu, kwa sababu nzito, kuliachia kanisa litumike kwa mambo ya kawaida, mradi yasiwe ya aibu. Lakini kanuni ya 1238 inasema altare haipotezi wakfu wake kwa sababu hiyo. Ya pale bado ipo, hivyo mtu asiweke kikombe wala mkoba juu yake. Kinanda cha kampuni ya Casavant, kilichoundwa hapa hapa Québec, Saint-Hyacinthe, kipo pia roshani. Tusikiguse bila ruhusa. Wazee wa kijiji waliobatizwa humo watakuja kutusimulia, na mimi hao ndio ninaowangojea zaidi, maana kuta zinaweza kukarabatiwa ila kumbukumbu zao hazina nakala.

Picha za vyumba vya kulala hapana, ni nyumba ya watu.

Jibuni "NAKUJA" na idadi yenu kabla ya Alhamisi saa 3:00 usiku.