Dada, nyumba nimeuza

Edmonton, Alberta
Jumapili, 9 Machi 2025

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Asalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ramadhani karimu kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Mimi huku ni mzima, nafunga na kazini nakwenda, hofu ni kwenu, hasa mguu wa shemeji.

Ile sauti uliyonitumia usiku wa kuamkia Ijumaa nimeisikiliza mara tatu. "Nyumba aliyofia mama umeiuza, na mimi naambiwa na muuza samaki." Sikuweza kukujibu kwa simu. Ningelia, nawe ungelia, bando lingekwisha na hakuna ambacho kingekuwa kimesemwa. Leo sina zamu, basi nimekaa nikuandikie yote tangu mwanzo. Una haki ya kuyajua, na ulipaswa kuyajua kwangu kabla ya mtu mwingine yeyote. Nisamehe kwa hilo.

Kwanza kuna jambo sikukwambia. Safari hii ya kuja Kanada niliifanya kwa mkopo wa SACCOS ya kazini, milioni 18. Nauli, viza, mtihani wa Kiingereza, kutathminiwa vyeti vyangu vya uuguzi, pango la mwezi wa kwanza na amana ya chumba, vyote vimo humo. Wadhamini wangu walikuwa watatu, wauguzi wenzangu wa wodi moja. Unajua mkopo wa namna hiyo ulivyo: mshahara wangu ukikoma, makato yanahamia kwenye mishahara yao. Mmoja ana mtoto shule ya bweni, mwingine anamlea mama yake. Waliweka saini kwa kuniamini, wala hawakuniuliza nitalipaje. Mshahara wangu wa mwisho ulikuwa wa Oktoba. Novemba na Desemba nilituma marejesho kutoka hapa, kwa ujira wa kuhudumia wazee, nikabaki nakula wali na maharage siku saba kwa wiki. Nikaona sitafika mbali, na nikishindwa hawatajua kama nimeshindwa au nimewakimbia.

Najua utaniuliza kwa nini sikuipangisha. Nilipiga hesabu hiyo kabla sijaondoka. Vyumba vitatu Mikanjuni, hapo Tanga, tuseme laki mbili kwa mwezi, tena apatikane mpangaji mwema. Milioni 18 kwa laki mbili ni miezi 90 kabla ya riba. Na mpangaji akigoma kulipa, nani angemfuata? Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Sasa nikueleze la ukuta, maana ndilo lililonitesa kuliko yote na wewe ulikuwepo lilipoanza. Unakumbuka mwaka ule matapeli walipouza kiwanja cha jirani kwa watu wawili? Mama alinunua rangi nyekundu, nikapanda kwenye stuli, nikaandika ukutani upande wa barabarani kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Wewe ulishika kopo, mama amekaa barazani anatuelekeza, "hiyo Z imelala, isimamishe." Basi Septemba iliyopita nilipaka chokaa juu ya maneno yale kwa mikono yangu, mikono miwili ya chokaa, nikadhani yamekwisha. Mvua za vuli zilipoanza kunyesha nami nishaondoka, ukuta ukilowa maneno yanarudi. Jirani alinipigia picha. Herufi zilikuwa za waridi, kama kovu, lakini zinasomeka kabisa, na ile Z ya mama imesimama. Kila aliyekuja kutazama akawa anauliza: kuna mgogoro? Ndugu wamekataa? Mwenyewe yuko wapi? Akiambiwa mwenyewe yuko Kanada, ndiyo kabisa anaondoka. Dada, wewe unafahamu kwamba nyumba isiyo na mwenyewe mlangoni watu huiogopa. Walikuwa na haki ya kuogopa, maana watu wametapeliwa kwa habari za namna hiyohiyo.

Dalali naye. Mimi nilimwambia milioni 85. Nikakaa Oktoba, Novemba, nusu ya Desemba, hakuna anayerudi. Kumbe alikuwa anataja 97, ameweka cha juu chake bila kuniambia. Nilijua siku mama mmoja alipoomba namba yangu kwa jirani akanipigia mwenyewe, "dada, hizo tisini na saba hazipungui?" Nilinyamaza hadi akadhani simu imekatika. Miezi miwili na nusu imepotea hivyo. Ningekuwa Tanga ningesikia siku ya pili tu, sokoni au msibani, mtu angeninong'oneza. Huku hakuna wa kukunong'oneza.

Halafu kuna hili la saa. Leo wamesogeza saa mbele, tofauti yetu imekuwa saa tisa, lakini msimu wote wa baridi ilikuwa kumi. Huku saa nne usiku, kwenu ni saa mbili asubuhi, ofisi ndiyo zinafunguliwa. Zikifungwa saa tisa na nusu alasiri, kwangu ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Yaani siku nzima ya kazi ya Tanga ni usiku wangu mzima, na zamu yangu inaanza saa moja asubuhi. Nilikuwa nalala na simu kifuani. Wakili akipiga saa saba za usiku naamka, najibu kwa sauti ya chini kwa sababu ukuta ni mwembamba, nalala, napigiwa tena. Desemba jua huku linatoka karibu saa tatu asubuhi, linazama saa kumi na robo jioni. Nilikuwa naingia kazini giza, natoka giza. Kuna wiki niliona mchana kupitia madirisha ya kazini tu.

Karatasi sasa. Niliondoka na nyaraka zangu zote kwenye begi, nikidhani ndio uangalifu, kumbe nusu yake zilitakiwa zibaki. Kwa sababu kiwanja nilikipata nikiwa kwenye ndoa, walitaka ridhaa ya mwenza, na kwa kuwa mwenza hayupo walitaka cheti cha talaka, tena halisi. Kiko wapi? Edmonton, chini ya godoro. Kwenye hati yangu ya kiwanja, ile ya miaka 33, nina majina mawili, kwenye pasipoti nina matatu, basi kikatakiwa na kiapo kwamba wote hao ni mimi mmoja. Na ili mtoto wa mama mdogo, yule wa Chumbageni, asaini badala yangu, ilibidi niandike hati ya uwakilishi, niisaini mbele ya mwanasheria wa huku, kisha niitume ubalozini kwetu Ottawa igongwe muhuri. Ottawa kutoka hapa ni kama saa nne kwa ndege. Bahasha ikaenda, ikarudi, ndipo ikaanza safari ya Tanga. Siku zile zote mnunuzi anasubiri, nami naomba Mungu asichoke.

La kodi lilinirudisha nyumbani kwa namna yake. Unakatwa kodi kwenye faida, na faida ni bei ya kuuzia ukitoa gharama unazoweza kuzithibitisha. Basi kila mfuko wa saruji una maana. Lile kopo la biskuti la mama ndimo risiti zilimokaa tangu tunaanza msingi 2009. Ndugu yetu wa Chumbageni alilifungua mbele ya kamera, akawa anazionyesha moja moja. Zile za mashine zilikuwa zimefutika, karatasi nyeupe tupu. Zilizotuokoa ni za mkono, za kaboni ya bluu: bati, nondo, kokoto lori mbili. Nyuma ya nyingine mama alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi nani amebeba na alilipwa ngapi. Moja imeandikwa "chai ya fundi, 1,500". Hiyo haikuhesabika kwenye kodi. Nimeomba nitunziwe.

Ofa za kwanza zilikuwa milioni 50, na mmoja alisema wazi, "huyu ameshaondoka, atashuka tu." Nilishuka kweli. Nimeuza milioni 61. Kaka anasema nimeitupa. Inawezekana. Ila kaka anaihesabu nyumba ikiwa na watu ndani, na mimi nilikuwa nauza nyumba iliyofungwa. Januari waling'oa mita ya maji. Umeme nilikuwa namtumia jirani hela anunue LUKU hata taa haiwaki, kwa sababu kodi ya majengo inakatwa humohumo na usiponunua deni linakusubiri. Kila mwezi nikikaa nayo ilikuwa inapungua huku na kule kwa kitu kimoja kimoja.

Aliyenunua ni mwalimu mstaafu na mkewe, watu wa Handeni, wamenunua kwa mafao yao. Nakwambia hili upate kutulia kidogo: hawakuja kubomoa. Mkewe aliuliza mlimau unazaa lini.

Siku ya kukabidhi funguo, mwisho wa Februari, nilikuwa chumba cha kufulia nguo chini ya jengo, maana hapo ndipo intaneti inashika vizuri. Huku saa sita na dakika chache usiku, huko saa nne asubuhi. Ndugu yetu anatembea na simu, nami namfuata nyumba nzima: sebule, korido, chumba cha mama. Chumba kile alikifungua akasimama, hakusema kitu, nami sikusema. Kitanda hakipo, lakini sakafuni zipo zile alama nne za miguu ya kitanda. Wakafika mlango wa uani. Mwalimu anazungusha ufunguo, hauitiki. Anazungusha tena. Nikasikia nasema kwa sauti, "Uinue mlango kidogo kwanza, mwalimu. Kwa goti. Halafu zungusha." Akainua kwa goti, ukaitika. "Ahaa," akasema, "asante." Dada, miaka yote ile ni sisi watatu tu tuliokuwa tunajua mlango ule unataka goti. Mama hayupo. Nilipomwambia yule mzee ndipo nilijua nyumba imekwenda. Saini ilikuwa imeshapigwa wiki mbili nyuma na sikuwa nimehisi chochote.

Nilipanda juu na nguo zangu mbichi.

Sikukwambia kwa sababu hii. Novemba nilipiga kwa nia hiyohiyo. Shemeji alikuwa amelazwa, ukaniambia, "mdogo wangu, nimechoka hadi kope." Nikameza. Nikajiambia nitamwambia akitoka hospitali, kisha nikajiambia akipona, kisha jambo likawa limekwisha na mimi sijui nianzie wapi. Nilitaka kukupunguzia mzigo, nikajikuta nimekutenga. Na sitaki ufikiri kwamba sikukuhitaji. Usiku mwingi ningetoa chochote mtu mmoja wa kwetu angekuwa upande wa pili wa meza aniambie, "saini" au "usisaini". Wenzangu hapa ni wema, lakini hakuna aliyewahi kuiona nyumba ile.

Jana nilifuturu msikiti wa Al Rashid. Huo ndio msikiti wa kwanza kujengwa Kanada, mwaka 1938. Jengo lile la awali wenyewe hawakukubali libomolewe, likahamishwa zima hadi makumbusho ya Fort Edmonton Park. Nilipoelezwa nilitazama tende mkononi muda mrefu. Sikuweza kumeza.

Mkopo nimeulipa wote, wadhamini wamepewa barua za kuachiliwa, na mmoja amenipigia akilia. Milioni mbili nimemwachia ndugu yetu wa Chumbageni, ni zako, za matibabu ya shemeji. Usizikatae, wala usizigawe. Zinazobaki ni za mtihani wa leseni ya uuguzi huku na za akiba, nisije nikakopa tena kwa migongo ya watu.

Nina ombi moja. Vitu vingine viligawiwa, lakini mbuzi ya mama ya kukunia nazi niliiacha kwa jirani wa upande wa kibla, amenihifadhia jikoni kwake. Utaitambua: kiti chake kimechimbika katikati kwa kukaliwa, na meno yamelika upande wa kushoto tu, kwa sababu mama alikuwa anakuna akiwa ameinama upande huo tangu alipovunjika mkono. Nenda kaichukue kabla ya masika kukolea, jiko lake linavuja. Iende Korogwe ikae kwako, uikunie hii Ramadhani. Ukipanda basi, yale meno yafunge kwanza kwa gunia, yasimkate mtu.

Msalimie shemeji sana, umwambie namwombea kila futari. Watoto wabusu wote. Ukiwa na nguvu nipigie. Kwako saa tatu usiku ni saa sita mchana kwangu, ndio wakati wa mapumziko kazini. Nitapokea.

Wasalaam,
Mdogo wako