YAH: Neno "oganiki" kwenye losheni yenu ya kukinga jua, na mliyomtendea binti yangu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,

Salamu. Hii ni barua yangu ya tatu, na naiandika nikiwa nimejizuia sana. Naomba isirudishwe tena kwenye dawati la huduma kwa wateja, kwa sababu dawati hilo ndilo ninalolilalamikia.

Nianze na linaloniuma zaidi. Jumanne iliyopita, kwenye kaunta yenu, nilipokuja kulalamikia vipele vilivyoletwa na losheni yenu, mbele ya wateja wasiopungua sita, msimamizi wenu wa zamu alimtazama binti yangu wa miaka 9, ambaye ana ualbino, akaniambia: "Mama, tatizo si losheni yetu, tatizo ni ngozi yake." Mtoto alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Alisikia kila neno.

Sasa losheni yenyewe. Namba ya toleo mnayo tangu barua ya kwanza, risiti mnayo, picha mnazo, na sera yenu ya kurejesha bidhaa mnaijua kuliko mimi. Mbele ya chupa mmechora jani la mshubiri kutoka juu hadi chini, na juu yake neno OGANIKI kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni yenu. Chini yake mmeandika "asilimia 85 ya asili", kisha "kinga ya kutwa nzima", kisha "kwa aina zote za ngozi". Orodha ya viambato iko nyuma, kwa maandishi madogo kiasi kwamba ilinibidi niyapige picha kwa simu ndipo niyakuze niyasome. Inaanza na maji. Inafuata oktokrileni, halafu avobenzoni, kemikali za kiwandani za kuchuja mionzi ya jua. Huo mshubiri uliojaa upande wa mbele unatajwa karibu na mwisho, baada ya fenoksietanoli.

Maana ya mpangilio huo mnaifahamu. Viambato huorodheshwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi kushuka hadi kilicho kidogo, na ni vile tu visivyofika asilimia 1 vinavyoweza kuandikwa bila kufuata mpangilio. Fenoksietanoli ni kihifadhi, na kanuni za vipodozi za Umoja wa Ulaya, ambazo mmeandika wenyewe kwenye chupa kuwa mnazifuata, haziruhusu ipite asilimia 1. Kwa hiyo chochote kinachotajwa baada yake nacho hakipiti hapo. Katika chupa ya mililita 200, mshubiri wenu haupiti mililita 2. Hiyo asilimia 85 mliyoitangaza mnasema mmeipata kwa kipimo cha ISO 16128, mwongozo wa kimataifa wa kukokotoa kiasi cha asili katika vipodozi. Kipimo hicho huhesabu maji kuwa kitu cha asili, na chenyewe kinasema hakikutungwa kwa ajili ya madai ya kwenye lebo. Mmetuuzia maji mkayaita asili, na mkayavisha jani.

Mlipojibu barua yangu ya pili mliandika hivi, nanukuu: "Kisayansi, oganiki ni kitu chenye kaboni. Oktokrileni na avobenzoni ni vichujio oganiki vya mionzi. Lebo yetu ni sahihi." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, na kila nikiisoma hasira inanipanda upya. Ni kweli wanakemia huviita hivyo vichujio hivyo. Lakini kwa maana hiyo hata mafuta ya taa ni oganiki, na plastiki ya chupa ni oganiki. Mzazi anayeshika chupa dukani hawazi habari za kaboni. Anawaza mmea uliolimwa bila dawa za kuua wadudu wala mbolea za viwandani, nanyi mnajua kuwa anawaza hivyo, ndiyo maana mlichora jani. Mmeliuza neno kwa maana moja, mkalitetea kwa maana nyingine. Huo ni udanganyifu, na sitautafutia jina la upole.

Na kwa mtoto wangu udanganyifu huo haukuwa wa maneno tu. Kabla ya losheni yenu alikuwa anapakwa yenye oksidi ya zinki. Ni nzito, inanata, inachukua muda kupaka, lakini haikuwahi kumdhuru. Zinki ni madini. Hailimwi shambani na haina kaboni, kwa hiyo haiwezi kuwa oganiki kwa maana yenu wala kwa maana yangu. Nilipoona neno lenu niliamini nimepata kitu laini zaidi, kisicho na vichujio vya kiwandani. Nikaiacha iliyokuwa inamlinda, nikachukua yenu. Uamuzi huo niliufanya mimi, na siku hizi nalala nao. Ila niliufanya kwa kusoma mlichoandika.

Siku ya nne vipele vilitoka usoni, shingoni, masikioni na migongoni mwa viganja. Vilifuata mkono wangu uliompaka: chini ya kola ya sare, ambako sikumpaka, ngozi ilikuwa safi kabisa, na mpaka ulionekana kama umechorwa kwa rula. Daktari wa ngozi alimbandika mgongoni safu za vibandiko vidogo, kila kimoja na kiambato chake, akavibandua baada ya siku mbili na kuangalia tena siku ya nne. Penye zinki hapakuwa na kitu. Penye oktokrileni palikuwa pamevimba, pekundu, na mtoto alikuwa akiomba akunwe. Mzio wa oktokrileni kwa watoto ni jambo linalofahamika kwa madaktari, na ripoti yake ndiyo niliyowaletea.

Narudi kwenye Jumanne hiyo, kwa sababu mlinijibu kwa simu kwamba "kulikuwa na kutoelewana". Hakukuwa na kutoelewana. Niliweka ripoti ya daktari kwenye kaunta. Msimamizi wenu hakuisoma hata mstari mmoja. Aliigeuza kifudifudi, akaweka simu yake juu yake. Nikamuuliza ni nani aliyethibitisha kuwa losheni hii ni oganiki. Akasema, "Hilo ni jina tu la bidhaa, si madai." Nikamwambia ofisi yenu imeniandikia kuwa ni sayansi, sasa yeye anasema ni jina, nishike lipi? Hapo ndipo aliposema, "Mwambie avue kofia tumuone." Kabla sijakataa, binti yangu alikuwa ameshaivua, kwa sababu nimemlea kuwatii watu wazima. Alisimama pale, vipele vikiwa wazi usoni, watu wakimtazama. Msimamizi wenu akainama juu ya kaunta, akamwangalia, akanigeukia: "Mama, tatizo si losheni yetu, tatizo ni ngozi yake. Hii haikutengenezwa kwa watu wa aina yake." Chupa iliyoandikwa "kwa aina zote za ngozi" ilikuwa mbele yake, sentimita chache kutoka mkononi mwake. Nilipopaza sauti akaniambia nipunguze, nafukuza wateja.

Binti yangu aliirudisha kofia, akaivuta hadi kwenye nyusi. Njiani hakusema kitu. Usiku nilipotaka kumpaka dawa aliyopewa, alificha mikono chini ya shuka.

Nirudi kwenye hilo la "jina tu", maana naona ni kisingizio mnachokitegemea. Mwaka 2019 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliichukulia hatua kampuni moja ya vipodozi iliyobeba neno hilohilo kwenye jina lake, nayo ikakubali kulipa dola milioni 1.76 kwa kudai uoganiki ambao haikuwa nao. Jina halikuikinga. Jimbo la California, kwa sheria ya mwaka 2003, linataka kipodozi kinachouzwa kwa neno hilo kiwe na angalau asilimia 70 ya viambato vilivyolimwa kwa njia hiyo. Kiwango cha COSMOS, cha kuthibitisha vipodozi vya asili na oganiki, kilichoundwa na taasisi za Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uingereza, kinataka asilimia 95 ya mazao yaliyomo yawe ya kilimo hai, na angalau asilimia 20 ya bidhaa nzima kwa losheni isiyooshwa. Maji hakiyahesabu kuwa oganiki. Na kwa kinga ya jua kinakubali vichujio vya madini tu. Oktokrileni isingepita hata mlangoni. Chupa yenu haina nembo ya COSMOS wala ya chombo kingine chochote. Kilichopo ni jani mlilolichora wenyewe.

Na "kutwa nzima"! Hili nusura nilisahau, na ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Tangu mwaka 2006 Tume ya Ulaya ilishapendekeza kwamba lebo za kinga ya jua zisimfanye mtu aamini kuwa hahitaji kupaka tena. Kila daktari husema kila baada ya saa mbili, na tena baada ya kutoka majini au kutokwa na jasho. Mtoto mwenye ualbino hana melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, ya kutosha kumkinga, na saratani ya ngozi ni hatari iliyo karibu naye maisha yake yote. Kwake losheni hii ni dawa, si urembo. Siku zile nne nilimpaka asubuhi, akaenda shule, akarudi saa kumi jioni bila kupakwa tena, kwa sababu mliniambia inatosha.

Katika barua ya kwanza niliomba fedha zangu. Katika ya pili niliomba mrekebishe lebo. Sasa nataka haya: mnirudishie fedha pamoja na gharama zote za daktari, mwondoe madukani kila chupa yenye neno hilo, jani hilo na hiyo "kutwa nzima", na mtangaze hadharani kwa nini mmeziondoa, ili wazazi wengine waliozinunua wajue, na binti yangu aombwe radhi kwa barua iliyoandikwa kwake, siyo kwangu, yenye saini yako wewe Mkurugenzi. Msimamizi yule asikae tena mbele ya mteja hadi amwombe radhi yeye mwenyewe.

Nawapa siku 14 tangu mnapopokea barua hii. Siku ya 15 nakala ya ripoti ya daktari, picha za lebo na majibu yenu yote mawili vitakuwa mezani kwa mamlaka inayosimamia vipodozi na kwa chombo cha kulinda walaji, na wakili wangu atakuwa ameshafungua shauri. Tukifika huko sitakubali tena tumalizane pembeni. Ile karatasi mliyonitumia Ijumaa, ya kutaka niahidi kutolizungumzia suala hili, sijaitia saini na wala sitaitia.

Chupa mbili mlizoziambatanisha nayo "kama pole" ziko hapa, hazijafunguliwa. Mlimtumia mtoto mwenye mzio wa losheni yenu chupa mbili za losheni ileile. Moja naipeleka maabara. Nyingine itaambatana na faili.

Nasubiri jibu,

Mama wa mtoto mliyemvua kofia