Mama, jibu la ile picha ya hotelini

Vaughan, Ontario

Mama, shikamoo. Wa baada ya salamu, mimi huku ni mzima, alhamdulillahi, baridi tu ndiyo inayonitesa. Nataraji nanyi nyote hapo Malindi hamjambo, na mguu wako unaendelea vyema na ile dawa.

Naandika kwa sababu ya ile picha tuliyopiga hotelini, mimi na mwenzangu wa kazini. Niliiweka kwenye stetasi usiku, nikaamka na jumbe za ukoo mzima. Dada anataka kujua ile nguo nilinunua wapi. Ami ameuliza bili ilikuwa kiasi gani, tena kwenye kundi la familia, mbele ya watu. Wewe peke yako ndiye uliyenipigia ukauliza la maana, nimekula nini na kama kilikuwa halali. Laini ikakatika. Basi jibu lako ni hili, kwa kituo.

Hapo ni Woodbridge, viungani mwa Toronto upande wa kaskazini, si mbali na nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Ukipita kwa gari huwezi kudhani pana hoteli ya maana. Ni safu ya maduka kama zote za huku: uwanja mpana wa kuegesha magari, benki, daktari wa meno, duka la dawa, halafu mlango mmoja wa kioo cheusi. Ukishaingia ndipo unaposhika mdomo. Sakafu ya marumaru, taa za shaba zimeteremshwa hadi karibu na meza, tanuri la pizza limepambwa vigae vidogo vidogo vya kijani, na kina mama wamevaa kama wanakwenda harusini. Na ilikuwa Jumanne, Mama.

Nyinyi mkisikia Mtaliano mnawaza wale wa kwetu, wenye majumba ya ufuoni. Hawa wa huku ni wengine. Wengi walikuja Kanada baada ya Vita Vikuu vya Pili, hawana kitu, kutoka vijiji vya Calabria, Abruzzo na Friuli, wakashika sepetu na mwiko wa uashi. Walipanga vyumba kwanza mjini, mtaa wa College, wakasogea St. Clair, na mkono ulipochangamka wakaja kujenga huku. Wazee ninaowaogesha kila asubuhi ndio wao. Mmoja hachoki kunisimulia habari ya Machi 1960, vijana watano wa Kitaliano walipofia ndani ya handaki la bomba la maji, chini ya mto Don, pale Hogg's Hollow. Baada ya msiba ule ndipo serikali ya Ontario ilipokaza sheria za usalama kazini. Akifika hapo mzee huacha Kiingereza akaendelea kwa lugha ya kwao, na mimi kwa Kitaliano changu cha ufuoni namfuata nusu. Kwa hiyo wanaosema watu wa Woodbridge wanapenda marumaru kupita kiasi, mimi siungi mkono. Baba zao ndio walioyatandaza kwenye majumba ya watu wengine.

Huyo mwenzangu pichani ni Mama Shukuru, Mkongo wa Bukavu. Tunafanya zamu pamoja. Amepata leseni yake ya uuguzi baada ya kusoma usiku na kuinua wagonjwa mchana, na alishaapa kwamba siku hiyo ikifika atanipeleka mahali penye kitambaa mezani. Yeye ni Mkristo, lakini kabla ya kuweka nafasi alipiga simu kuuliza kama kuna samaki na mboga za kunitosha. Hilo ulijue.

Weita alipokuja nikamtupia "buonasera" yangu kwa mikogo yote. Akacheka, akasema yeye ni mtu wa Punjab, yuko chuoni, na Kitaliano chake ni kile kilichomo kwenye menyu. Aliyeniitikia ni bibi wa meza ya pili. Akauliza nimejifunzia wapi, nikamwambia Malindi. Akatikisa kichwa taratibu, akaniuliza kama iko karibu na Palermo, kule Italia.

Sasa halali. Huku nyama usiyoijua unaiacha, hilo jepesi. Ugumu ni vitu vilivyojificha. Wali wao, risotto, mara nyingi hutiwa divai nyeupe mchele unapokaangwa, kabla ya supu, basi nikauacha. Kome nao mara nyingi hupikwa kwa divai. Tiramisu huwa na pombe kidogo, na ile panna cotta nyeupe inayotikisika hugandishwa kwa jelatini, ambayo huwezi kujua imetokana na mnyama gani. Yule kijana wa Punjab alikwenda jikoni na kurudi, akaenda tena, wala hakununa. Nyumbani kwao, akasema, bibi yake naye huhoji hivyo hivyo kama chakula kina mayai.

Tulianza na pweza. Mama, nitakwambia bei lakini usimwambie mvuvi yeyote wa hapo: dola 24, na katika sahani mlikuwa na mnyiri mmoja, yaani mkono mmoja wa pweza. Mmoja! Umechemshwa mpaka ukalainika, ukababuliwa motoni hadi vikombe vyake vikawa vikavu, ukalazwa juu ya viazi kama malkia. Mtamu ni mtamu, siwezi kusema uwongo. Lakini bei ile ni ya mtu ambaye hajawahi kumwona pweza akipigwa mwambani.

Kilichonikuna ni pasta alla Norma, pishi la Catania, kule Sicily. Ni tambi nene za mirija, mabiringani yaliyokaangwa mpaka yakaiva kuwa mororo, rojo la nyanya, na jibini kavu ya chumvi ya maziwa ya kondoo imekunwa juu. Halafu juu kabisa, majani ya mrehani! Yale yale unayofungia kikuba na asumini. Niliinusa sahani nikacheka peke yangu, Mama Shukuru akadhani nimechanganyikiwa. Nikamweleza kwamba kwetu hayo huvaliwa kifuani. Naye akatwaa jani moja akalichomeka kwenye nywele, na ndipo alipopiga ile picha.

Tambi zenyewe zilikuwa na kiini kigumu kidogo, zinang'atika. Umkumbuke Mjomba, enzi zake akipika kwenye hoteli ya Wataliano, alivyotupikia hivyo, nawe ukaisukuma sufuria nyuma jikoni ukisema mgeni halishwi tambi mbichi. Alikuwa sahihi, maskini. Mpe salamu, umwambie shahidi amepatikana. Ila zile zako za nazi na iliki hakuna wa kuzigusa, hapo sibishani na mtu.

Mama Shukuru aliagiza ossobuco, mguu wa ndama uliokatwa mapande na mfupa wake, ukapikwa kwa moto mdogo saa nyingi, pamoja na ule wali wa zafarani kama wanavyoula Milano. Wanakuletea na kijiko chembamba cha kuchokolea uboho. Alikitazama, akakiweka kando, akauinua mfupa kwa mkono. "Dada," akaniambia huku akifyonza, "sasa bugali yake iko wapi?" Bibi wa meza ya pili akampungia kidole gumba.

Tukamalizia na affogato: aiskrimu nyeupe unamiminiwa kahawa nzito ya moto hapo hapo mbele yako. Unaanza na utamu na baridi, kisha uchungu unakufika kooni kama ile kahawa ya barazani baada ya tarawehe. Nitawapikia nikija. Mashine ya kahawa si lazima, dele linatosha.

Haya, Ami. Chakula dola 144 pamoja na glasi ya divai ya mwenzangu. Bei za menyu huku hazina kodi ndani, wanakuja kuongeza asilimia 13 mwishoni, kwa hiyo ikawa karibu 163. Kisha mashine ya kadi inakuuliza bakshishi, nayo inaanzia asilimia 18, na weita amesimama pembeni akijifanya anatazama dari. Mama Shukuru alilipa bili yote. Mimi nilitoa bakshishi ya dola 30, kama shilingi 2,800, na kwa safari zile za jikoni sijuti.

Pesa za mabati natuma Ijumaa, inshallah. Zitaingia M-Pesa kwa namba ya Dada, si kwa ya Ami. Fundi asilipwe zote kabla hajapaua upande wa chooni.

Wasalaam,
mwanao