Matanga yakiisha tusimwache mwenzetu

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme kuhusu vile tunakaa na wenzetu kazini wakipatwa na msiba. Hapa Kisumu kuchanga tunajua, hilo siwezi kataa, mtu akifiwa saa hiyo hiyo grupu ya WhatsApp inafunguliwa, kila mtu anatuma chochote kwa M-Pesa, tunakodi matatu tunaenda matanga hadi Siaya ama Busia na tunarudi usiku. Halafu Jumatatu mwenyewe anarudi kazini, grupu inafungwa, na hapo ndio tunamwacha.

Mimi nafanya shifti ya usiku kwa bekari. Mwaka jana mwenzangu wa kupakia mikate alizika mtoto wake wa miaka sita. Aliporudi tulimpa pole mara moja, wengine wakamwambia ajikaze, basi. Hata mimi nilinyamaza, niliogopa nikitaja mtoto nitamwamshia machungu, kumbe hayo machungu hayajawahi kulala. Saa nane usiku wakati wa chai alikuwa anakaa juu ya kreti, kikombe mkononi, mpaka chai inashika utando na hajaonja. Supavaiza naye akaanza kumgombeza ati mikate imefungwa vibaya.

Siku moja nikakaa kando yake nikamuuliza tu, mtoto alikuwa anapenda nini. Aliongea mpaka kengele ikalia.

Wiki kadhaa baadaye akaniambia anaona heri na yeye aende. Nilishtuka sana lakini sikumhubiria, nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu husema ukiuliza hivyo unamtia mtu wazo, si kweli, wazo analo tayari, amekosa tu wa kumwambia. Akasema ndio. Asubuhi hatukuachana, tukapiga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni ya bure, kisha nikamsindikiza hospitali. Na wale wanaoficha kwa kuogopa polisi wajue Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba.

Kwa mabosi nina ombi. Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa siku 21 za likizo kwa mwaka na siku za ugonjwa ukiandikiwa na daktari, lakini siku za msiba haijazitaja, kwa hivyo mtu anazika mtoto kwa likizo yake ya mwaka na ikiisha anarudi hata kama hajiwezi. Sheria haijakukataza kumwongezea siku tatu nne, ama kumweka mahali pa kazi nyepesi kwa mwezi mmoja. Sisi watatu tulipanga wenyewe kubadilishana shifti naye ili asikose kliniki, na hakuna mkate uliochelewa kufika dukani.

Siku hizi chai anakunywa ikiwa moto. Kuna usiku bado anashindwa kusimama, na tukiona hivyo mmoja wetu anashika mahali pake bila kuambiwa.

Mpakiaji mikate,
Kondele, Kisumu