Kabla ya chupa za vijidudu, tuchimbe shimo la kuoshea pampu

Mhariri,

Assalamu alaikum. Mwezi uliopita vijana wawili walikuja bondeni kwetu Mtambwe na chupa za maji ya rangi ya kahawia. Walitwambia mna vijidudu vinavyokula sumu ya dawa za wadudu: lita moja shilingi 35,000, mwaga kondeni, ardhi itatakata. Wenzangu watatu walinunua. Mimi sikununua, ingawa naamini kabisa kwamba vijidudu vya kula sumu vipo. Naandika kwa sababu jambo hili ni la kweli, na nachelea watu watalikataa lote siku chupa hizo zitakapowaangusha.

Nalima tungule, matango na pilipili boga, huu mwaka wa kumi na tisa. Tangu huyu mdudu kantangaze atuingilie, tunapiga dawa mara mbili kwa wiki, na kipimo chetu ni kizibo cha chupa. Tukimaliza, pampu ya lita 16 inaoshwa kwenye mtaro, hatua chache kutoka kisimani. Mwaka juzi niliosha yangu asubuhi, na kufika adhuhuri bata wanne wa jirani walikuwa wamekufa pale pale mtaroni. Nililipa bata. Lakini maji ya kisima kile tunakunywa, na wajukuu wangu wanakunywa, na hilo silijui nitamlipa nani.

Wanawake wa pwani tuliozaliwa zama zangu hatuhitaji kufundishwa kwamba mna viumbe wanaofanya kazi ambao jicho haliwaoni. Mama yangu alikuwa akifukia makumbi kwenye tope la pwani. Miezi inapita, anafukua, anayatwanga kwa rungu, nyama ya kumbi inatoka na usumba unabaki safi wa kusokotea kamba. Kazi ile aliifanya nani chini ya tope? Bakteria. Na mama alijua masharti yake bila kulijua jina: kumbi likiachwa juani halioozi, likifukiwa pasipofikiwa na maji ya bahari halilainiki sawasawa, na ukiharakisha kufukua unapata kumbi gumu vile vile. Viumbe wale hakuwanunua popote. Walikuwa mahali pale, yeye akawapa chakula, majimaji na muda.

Sumu ya shambani nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1973 watafiti Ufilipino walitangaza bakteria waliyemtoa kwenye bonde la mpunga lililokuwa likitiwa dawa ya diazinoni. Alikuwa ameshazoea kuikata ile dawa na kuifanya chakula. Huko ilikuwa imeonekana dawa inaisha nguvu upesi kwenye mabonde yaliyokwisha kutiwa, kumbe ardhini mna mlaji. Bonde la mpunga, maji yamesimama, joto: ni kama bondeni kwetu. Kwa hiyo naamini walaji wengine tunao tayari, tena wamezoea udongo wetu. Wageni wa kwenye chupa mara nyingi hufa au huzidiwa na wenyeji kabla hawajafanya kazi.

Pana na sumu ambazo hakuna chupa itakayozimaliza kwa msimu mmoja. DDT, dawa ya wadudu ya zamani, hukaa udongoni miaka na miaka, na ikibadilika penye hewa huwa DDE, ambayo ni sugu kama mama yake. Kule Vikuge, Kibaha, dawa zilizoletwa kama msaada miaka ya 1980 zilitelekezwa, na watafiti walikuta DDT na dawa nyengine sugu ya wadudu, HCH, udongoni miaka mingi baadaye. Na ile dawa ya ukungu ya shaba tunayoipigia tungule wakati wa masika, shaba ni madini. Haivunjiki ikawa kitu kingine, na hakuna bakteria atakayeimaliza. Vijana wale niliwauliza juu ya shaba. Walisema chupa yao inaondoa kila kitu. Hapo ndipo nilipofunga mkoba wangu.

Ninachokitaka mimi ni shimo. Uswidi walianza mwaka 1993 kuchimba mashimo ya kujazia na kuoshea pampu. Chini wanatandika udongo wa mfinyanzi, juu yake wanajaza mchanganyiko kiasi cha nusu mita: nusu mabua ya nafaka, robo udongo wa shambani, robo udongo mweusi wa mimea iliyooza kinamasini, kisha juu wanaotesha nyasi. Mabua yanaleta kuvu nyeupe, ile inayoozesha magogo ya miembe iliyoanguka. Vimeng'enya vyake vinavyovunja ugumu wa mti ndivyo vinavyovunja na dawa nyingi. Matone yanayomwagika na maji ya kuoshea yanabaki humo yanaliwa, badala ya kuteremka kisimani. Guatemala wamechimba kama hayo kwa vitu vya kwao.

Na sisi vyetu tunavyo. Mabua ya mpunga tunayachoma moto kila baada ya mavuno, makumbi yamejaa kila kiambo, samadi ipo. Mvua yetu ni kubwa kuliko ya Uswidi, kwa hiyo shimo lazima liezekwe makuti, maana likifurika hewa inakosekana, kuvu inakufa, na sumu inachukuliwa na maji. Mabua yanashuka kila mwaka, yaongezwe. Likichoka baada ya miaka, kile kilichomo kilundikwe mwaka mzima kabla hakijarudishwa kondeni.

Sisi wanawake saba tumeshachimba moja, mbali na kisima, chini ya mwembe. Mfinyanzi tuliuchukua kwa ndoo, kichwani, siku mbili. Lakini hatujui kama makumbi yanafanya kazi sawa na mabua, wala hatuna kipimo cha kuona sumu imebaki kiasi gani, na kwa kukisia tu sitaki kumwambia mtu mwingine achimbe. Wenye maabara ni watafiti wa kilimo wa Kizimbani, Unguja, na wa chuo kikuu chetu cha taifa. Nawaomba waje Pemba wachukue udongo wa shimo letu, wa mtaroni na maji ya kisima sasa hivi, kabla hatujaanza kulitumia, kisha warudi baada ya mwaka wachukue tena, na majibu yabandikwe hapa bondeni kwa Kiswahili. Mvua za vuli zikianza kunyesha tutaanza kuoshea humo, kwa hiyo sampuli ya kwanza isipochukuliwa kabla ya hapo itakuwa imeshapotea.

Mkulima wa tungule,
Mtambwe, Pemba