Wenye ulemavu nao waandikishwe kwenye triathloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako.

Mtaani kwetu Bububu kuna kijana aliyekatwa mguu chini ya goti. Maji yakijaa huacha magongo yake mchangani, hurukaruka mpaka maji yamfike kiunoni, kisha huogelea hadi kwenye mashua zilizotia nanga. Wenzake wenye miguu miwili humfuata nyuma wakihema. Mwaka jana nilimsindikiza kujiandikisha kwenye triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, baskeli na mbio kwa mfululizo. Aliyekuwa mezani aliyatazama magongo, akafunga daftari. "Wewe njoo utazame tu." Niliumia sana.

Mchezo huu umo kwenye Paralimpiki, michezo ya dunia ya wenye ulemavu, tangu Rio 2016: kuogelea mita 750, baskeli kilomita 20, mbio kilomita 5. Asiyeona huogelea akiwa amefungwa kamba na mwenzake anayeona, kisha hupanda naye baskeli ya watu wawili. Asiyeweza kutembea huendesha baskeli ya mikono, akamalizia kwa kiti cha magurudumu cha mbio. Wasaidizi wanaruhusiwa, na washindani hupangwa kwa madaraja kulingana na ulemavu wao.

Vifaa hivyo ni ghali, nakubali. Lakini kijana wetu anahitaji mguu wa bandia, mtu wa kumpokea ufukweni, na jina lake liwemo daftarini. Waandaaji wa Unguja na Pemba, wekeni kundi la wenye ulemavu kuanzia mashindano yajayo. Magongo nitamshikia mimi.

Mkaazi wa Bububu,
Unguja